Kanga, kwale au firigogo: kila ndege na kinachompendeza mwindaji

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Mbagala, na leseni yangu ya kumiliki shotgani imetoka mwaka huu. Mjomba wangu anataka tuombe kibali cha kuwinda ndege, na yeye kwake ndege ni kanga tu. Ila kuna wageni niliowapeleka uwanja wa ndege, njia nzima walikuwa wakimsifia kwale na firigogo. Wanawapendea nini hasa? Na kila mmoja anafaa marisaa namba ngapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeongoza wawindaji kwa miaka mingi kabla ya kurudi kukaa Dar, na nimeona kwamba nyama huwa sababu ya safari ya kwanza tu. Ukimsikiliza mtu anayerudi porini kila msimu, atakusimulia jinsi ndege alivyomtoa jasho.

Mjomba wako ana haki ya kumpenda kanga. Wengi wetu tulianza naye. Ana mwili wa kutosha, kilo moja na zaidi, na katika kiangazi hutembea kwa makundi makubwa yanayoonekana kwa mbali. Lakini kumsogelea ni kazi. Mmoja akishtuka, wote wanapiga kelele na kuanza kukimbia, na kanga anajua kutumia miguu kuliko mabawa. Utamfuata mita mia tatu kwenye majani, ufike umetweta, ukute kundi limekwisha kuvuka korongo. Kinachopendwa kwake ni huko kuzungukana: mmoja anapita upande wa upepo, mwingine anajibanza kwenye kichuguu, mpaka kundi lilazimike kuruka.

Hapa nakuomba unisikilize kwa makini. Usimpige kanga akiwa chini katikati ya wenzake. Marisaa, zile chembe ndogo zinazotoka kwenye risasi ya shotgani, hutawanyika, na unayemwokota ni mmoja ilhali watatu au wanne wameondoka na majeraha ya kwenda kufa kichakani. Wala usiwafuate mahali wanapolala. Wahenga walisema kanga hazai ugenini, na kweli huyu ni ndege wa kwao: kundi hushika eneo lake na kurudi jioni kwenye miti ileile. Ukiwamaliza hapo, umemaliza kanga wa eneo hilo, na itapita misimu mingi kabla hujasikia tena sauti yao.

Sasa kwale, na nakiri kwamba moyo wangu uko kwake. Kwanza tuelewane kwenye jina, maana mjini siku hizi mtu akisema "kware" anawaza wale wadogo wanaofugwa kwa ajili ya mayai. Hao ni tombo. Kwale ninayemsema ni huyu wa porini, mwenye ukubwa wa karibu kuku mtetea mdogo, na kweli yeye na kuku ni wa familia moja. Huku pwani utakutana na kwale shingo-nyekundu kandokando ya mashamba ya mihogo, asubuhi na mapema, na kwale kishungi kwenye vichaka vikavu. Kaskazini, pande za Arusha na Manyara, wamejaa wale wenye koo la njano.

Kwale hakimbilii kuruka. Hujilaza kwenye nyasi akiamini hujamwona, anakuacha umkaribie mpaka karibu umkanyage, kisha anafyatuka kwa kishindo kinachokusimamisha moyo. Una sekunde mbili, pengine pungufu. Katika muda huo umtambue, uhakikishe hakuna mwenzako wala mchunga ng'ombe mbele yako, uweke bunduki begani, upige au uache. Wageni wako walikuwa wakizungumzia dakika hiyo. Na ili uipate mara tano unatembea asubuhi nzima, umande umekulowesha hadi magotini. Hakuna ndege mwingine anayekufundisha kutembea polepole na kutazama ardhi kama huyu.

Firigogo ni wa nchi kavu, kwa hiyo huku Pwani usihangaike kumtafuta. Anakula mbegu kavu na lazima anywe maji, basi kila siku makundi huruka kilomita nyingi kwenda kisimani, na aina nyingi huenda asubuhi, kwa saa wanayoizoea. Dume hulowanisha manyoya ya tumboni na kuyabeba maji hadi kwa vifaranga, nao huyanyonya kwenye manyoya hayo. Mwindaji humpendea mbio zake. Tufanye anapita kwa kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 kwa sekunde. Marisaa huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika mita 30. Hapo ndege amekwisha kusogea zaidi ya mita moja na nusu. Ukimlenga yeye mwenyewe, umepiga hewa nyuma ya mkia wake. Inabidi mtutu umfuate kutoka nyuma, umpite, na uendelee kusogea hata baada ya kufyatua. Anayesimamisha bunduki ili alenge vizuri hukosa siku nzima. Usikae kwenye maji yenyewe, kwa kuwa ukiwafukuza hapo umewanyima kinywaji pamoja na vifaranga vyao. Simama mbali, kwenye njia wanayopitia.

Bata wa mabwawani nao wana wapenzi wao. Nitakuambia moja tu: marisaa ya madini ya risasi (lead) huzama kwenye tope, bata huyameza akidhani ni changarawe, naye hufa kwa sumu. Marekani ilipiga marufuku marisaa hayo kwa uwindaji wa bata tangu 1991. Kama huna ya chuma, achana na bata.

Kuhusu namba, kumbuka kwamba namba ikipanda, chembe inapungua ukubwa. Kwa bunduki ya geji 12, kanga ana manyoya mazito, mpe namba 4 au 5. Kwale inamtosha namba 6. Firigogo namba 6 au 7. Ila namba hazilingani kila nchi: 6 ya Kiingereza ina kipenyo cha milimita 2.6 hivi, ya Kimarekani karibu 2.8. Soma milimita kwenye boksi. Na kwa ndege yeyote kati ya hawa, zaidi ya mita 35 shusha bunduki.

Kibali kinatolewa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, nacho hutaja aina, idadi na eneo. Nendeni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, mkaulize maeneo yaliyofunguliwa kabla hamjanunua hata risasi moja. Msitegemee kumbukumbu za mjomba: sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous aliyoijua yeye ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019, na humo hakuna uwindaji. Gari, sumu na giza la usiku si njia za kuwindia.

Wakati mnasubiri kibali, jizoeze kupima umbali. Dar imejaa kunguru. Akitua mmoja ukutani, kadiria kwa macho yuko hatua ngapi, kisha tembea uhesabu. Mwanzoni utakosea sana. Fanya hivyo kila jioni mpaka utakapoweza kusema "thelathini" na ukafika ukutani kwa hatua thelathini.