Maswali ya Wasomaji: Programu ya Picha Iwekwe Wapi Ndani ya Mfumo?

Swali

Mhariri, salaam. Nina duka la stesheneri na uchapaji hapa Mwenge, Dar es Salaam, ambapo tunabuni kadi za harusi na za michango, mabango na fulana. Kompyuta zetu, ambazo tulizinunua Kariakoo zikiwa zimeshatumika, zina mfumo wa Debian 12 pamoja na GIMP 2.10, programu ya kuhariri picha, iliyokuja nao. Sasa tunaitaka GIMP 3.0, na fundi wetu yuko tayari kuiunda kutoka kwenye msimbo wake. Yeye anasema ataiweka ndani ya folda ya /usr pamoja na programu nyingine za mfumo. Mpwa wangu anasisitiza kwamba mahali pake ni /usr/local. Na jirani yangu wa biashara ananishauri /opt. Patisheni ya mfumo ina GB 20, na kati ya hizo zimebaki GB 4 tu, ilhali nafasi kubwa iko kwenye /home. Nimfuate nani?

Msomaji, Mwenge

Jibu

Ndugu msomaji, swali lako linajibika kwa urahisi zaidi ukianza kwa kujiuliza ni nani atakayeisasisha programu hiyo, na ni nani atakayeiondoa siku itakapoleta matatizo. Ndani ya /usr mwenye mamlaka ni apt, chombo cha Debian cha kusakinisha na kusasisha programu, ambayo ina orodha ya kila faili ililoliweka humo. Chochote anachokiingiza fundi kwa mkono wake hakimo katika orodha hiyo, na apt haina wajibu wa kukilinda.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa programu za picha, kwa kuwa haziji peke yake. GIMP 3.0 inahitaji maktaba, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu huvitegemea, za babl na GEGL zilizo mpya kuliko zile za Debian 12. Fundi akiziweka ndani ya /usr, zitachukua nafasi ya zile ambazo GIMP 2.10 inazitegemea, kisha siku mfumo utakaposasishwa, apt itarudisha za kwake juu ya za fundi, na unaweza kujikuta huna GIMP hata moja inayofunguka, huku mteja ameketi kwenye benchi akisubiri kadi za kikao cha jioni. Kwa heshima zote kwa fundi wako, shauri lake ndilo ninalolikataa moja kwa moja.

Mpwa wako ana hoja. Mwongozo wa mpangilio wa mafaili unaojulikana kama FHS, ambao ulianza mwaka 1994 na toleo lake la 3.0 likatoka mwaka 2015, unaitenga /usr/local kwa ajili ya vitu anavyoviweka msimamizi wa mashine mwenyewe, na apt haivigusi. Meson, chombo kinachotumika kuiunda GIMP 3.0, nacho huelekea huko kisipoambiwa vinginevyo. Kwa programu ndogo isiyo na maktaba zake ningekubaliana naye bila mjadala. Tatizo ni kwamba Debian hutafuta maktaba ndani ya /usr/local kabla ya kufika /usr, na kwa hiyo GIMP 2.10, ambayo hukutaka kuigusa, itaanza kutumia GEGL mpya bila wewe kuiamuru. Isitoshe, mafaili hutawanyika katika bin, lib na share, na kuyaondoa kwa usafi kunahitaji folda ileile ya ujenzi ambayo kwa kawaida huwa imeshafutwa ili kupata nafasi.

Jirani yako ndiye aliyelenga. Mwambie fundi aanze na amri hii:

meson setup _build --prefix=/opt/gimp-3.0

Babl na GEGL nazo ziundwe kwa njia hiyohiyo na kuingia humohumo, zikitangulia GIMP yenyewe. Kila kitu kitakaa katika folda moja, na siku ukiichoka unaifuta folda hiyo. Toleo jipya likitoka, lipewe folda yake kando ya hili, wala lisiandikwe juu yake. Jina la folda lichaguliwe vizuri tangu mwanzo, kwa maana programu nyingi huhifadhi njia hiyo ndani yake wakati wa kuundwa, na kulibadilisha baadaye ni kujitafutia usumbufu.

Lakini /opt ina gharama yake, na hapa ndipo mafundi wengi hukata tamaa wakarudi /usr. Mfumo hauifahamu folda hiyo, hivyo programu haitaonekana kwenye menyu wala haitapata maktaba zake. Kwa upande wa maktaba, fundi aandike skripti fupi inayoweka LD_LIBRARY_PATH (mahali pa kutafutia maktaba) kisha kuifungua GIMP, asiiingize /opt/gimp-3.0 katika /etc/ld.so.conf.d, iliyo na orodha ya folda za maktaba za mfumo mzima, kwa sababu maktaba hizo zitatangazwa kwa programu zote na tutarudi kwenye tatizo la mpwa wako. Kwa upande wa menyu, faili la .desktop, ambalo ndilo huionyesha programu kwenye menyu, liwekwe ndani ya /usr/local/share/applications, likielekeza kwenye skripti hiyo, na liitwe gimp3.desktop. Jina hilo si pambo: likibaki gimp.desktop litalifunika lile la zamani lililo na jina hilohilo, na wafanyakazi wako watadhani GIMP 2.10 imetoweka.

Kuhusu nafasi, ujenzi wenyewe ufanyike ndani ya /home, kwa kuwa mafaili ya muda ya ujenzi ni mengi, kisha matokeo tu ndiyo yaende /opt. Tazama nafasi iliyobaki kwa amri ya df -h kabla na baada ya kazi. Ipo pia njia ya Flatpak, yaani kupakua programu iliyokwisha kuundwa pamoja na maktaba zake, ambayo inakuondolea kazi ya kuunda chochote, na kama bando lako linaruhusu mimi ningeijaribu kwanza. Hata hivyo, kwa kawaida Flatpak huhifadhi vitu ndani ya /var/lib/flatpak, yaani kwenye patisheni yako iliyobanwa, na GIMP pamoja na maktaba za GNOME inazozitegemea zinaweza kupita GB 1. Ukitumia --user zitahamia /home, ila zitaonekana kwa mtumiaji mmoja tu.

Msiifute GIMP 2.10 kwa sasa. Faili la XCF, yaani la kazi ya GIMP yenyewe, lililotumia uwezo mpya wa 3.0 huenda lisifunguke katika 2.10, kwa hiyo kadi iliyoanzishwa katika toleo jipya imalizwe katika toleo hilo.

Swali

Kitabu changu cha zamani kinasema kwamba mfumo wa madirisha uko ndani ya /usr/X11R6, lakini kwenye kompyuta yangu folda hiyo haipo. Je, usakinishaji wangu una kasoro?

Msomaji, Kinondoni

Jibu

Hauna kasoro. X11R6, toleo la mfumo wa madirisha uitwao X, ilitoka mwaka 1994, na kwa miaka mingi X iliwekwa katika folda yake yenyewe. Desemba 2005 X.Org 7.0, toleo la baadaye la mfumo huo, iligawanywa kuwa vifurushi vingi vidogo, na wasambazaji wa Linux wakaihamishia ndani ya /usr kama programu nyingine. Ukikuta skripti ya zamani inayotaja /usr/X11R6/bin, badilisha iwe /usr/bin, na mara nyingi itafanya kazi.