Waridi la jangwani limelainika shina baada ya masika: usilimwagilie maji

Salamu dada wa Malindi. Umeeleza kwamba waridi lako la jangwani lilijaa maua mwezi wa pili, na sasa baada ya mvua za Mei limepukutisha majani, shina limelainika kwa chini, na jirani anakushauri uongeze maji na samadi. Tena una mbuzi uani, umesikia mmea huu una sumu.

Usiongeze chochote. Kwanza libonyeze. Shina lenye kiu hunywea lote kwa pamoja, ngozi inajikunja kama ya embe lililokaa siku nyingi, lakini halinuki. Lililooza hubonyea mahali pamoja, kidole kinazama, ngozi ni ya kahawia na pengine linatoa maji yenye harufu. La kiu dawa yake ni maji. La kuoza ukilimwagilia maji umelizika, na kwa maelezo yako naona lako ni hilo la pili.

Mimi niko Lamu, na haya niliyajua kwa hasara. Nilikuwa natunza mimea kwenye nyumba moja ya wageni kule Shela, nikaletewa miche mitano kutoka Malindi kwa basi na mashua. Nikaipanga uani pamoja na yasmini na mlangilangi, kwenye udongo mweusi na samadi ya punda, ambayo kwetu hainunuliwi, unaizoa njiani. Kila jioni aliyeshika ndoo alimwagilia vyote kwa mpigo. Ilipofika mwezi wa sita nilibaki na miwili. Tulisikia waridi, tukalilea kama waridi.

Wala si waridi. Ni ukoo mmoja na oleanda, kile kichaka cha maua cha bustanini. Kitaalamu ni Adenium obesum, na hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake nene, kwa ajili ya hilo tumbo la chini. Aliyeuandika kwanza kitaalamu ni Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyeukuta Yemeni na kufia huko mwaka 1763. Kitabu chake kilitoka 1775, na jina Adenium likaja 1819, kutokana na mji wa Adeni. Wazee wetu wa majahazi waliokwenda Adeni na kurudi sijui kama walijua wameacha jina la ua lile kule bandarini.

Nilielewa makosa yangu siku nilipopita Tsavo Mashariki wakati wa kiangazi. Vichaka vyote vimekauka, rangi ya jivu, halafu katikati ya mawe limesimama hili, halina hata jani moja, limevaa maua matupu ya rangi ya waridi. Maji yake limeyaweka shinani. Kwa hiyo majani kupukutika kwenye ukame si ugonjwa, linajibania matumizi. Watu wengi huogopa hapo, wakamwaga ndoo, na ndipo mizizi inapooza. (Usiende kulichimba porini, hifadhini ni kosa.)

Sasa la kwako. Ling'oe lote, ukung'ute udongo. Chukua kisu kikali, ukipanguse kwa spiriti, ukate palipooza mpaka ufikie nyama nyeupe, ngumu, isiyo hata doa la kahawia. Usihurumie, doa dogo ukiliacha litarudi na kula lote. Pangusa kisu kila unapokata. Paka jivu la kuni kwenye jeraha, kisha lilaze kivulini penye upepo wiki nzima au zaidi, mpaka jeraha likauke na kuwa gumu. Ndipo ulipande kwenye mchanganyiko mkavu, na maji yasubiri tena kama wiki moja.

Mchanganyiko wangu ni kokoto ndogo za matumbawe sehemu mbili, mchanga wa mtoni sehemu moja, udongo wenye samadi iliyooza kabisa sehemu moja. Wewe una mchanga wa Sabaki karibu, utumie huo. Wa ufukweni una chumvi. Hata kokoto zangu naziosha kwanza. Debe litoboe matundu mengi, ulikalishe juu ya mawe mawili ili maji yasituame chini, uliweke penye jua kali. Yangu yako juu darini. Kaskazi nayamwagilia udongo ukishakauka mpaka chini. Masika nayasogeza chini ya makuti na kuyasahau.

Kama halitapona, usikate tamaa, panda mbegu. Maganda hutoka mawiliwili kama pembe. Yafunge kwa uzi kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili na upepo hauachi hata moja. Mbegu mbichi huchipua ndani ya wiki hivi. Tawi nalo hushika, ila mara nyingi halitoi lile tumbo nene, na mimi bila tumbo naona halina maana. Yale ya maua yaliyorundikana huwa yamepandikizwa: chipukizi likitoka chini ya kiungo, likate, la sivyo utarudishiwa ua la kawaida.

Sumu ni kweli. Utomvu wake unashambulia moyo, na sehemu nyingi za Afrika ulipakwa kwenye mishale. (Wawata waliowinda tembo nyuma ya Malindi walitumia mti mwingine, Acokanthera, lakini ni ukoo huohuo.) Basi vaa glavu unapokata, usijiguse macho, na vipande usivitupe uani kwa mbuzi, vifukie. Cha ajabu, yuko anayelila bila kudhurika: kiwavi mnene wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu kama macho, mtoto wa nondo (kipepeo wa usiku) wa oleanda. Anamaliza majani yote usiku mmoja au miwili. Mimi humwokota kwa mkono, na mmea huchipua tena.

Ukishakata, weka picha ya jeraha hapa kabla hujapaka jivu, nikuangalizie kama umefika kwenye nyama nzima.