Mtoto anafumba macho mpira ukija: si uoga, Mwalimu

SWALI: Kocha, pole na majukumu. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne hapa Morogoro, na michezo ya shule nimekabidhiwa mimi. Tumepata msaada wa glavu na mipira ya softiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kuudaka kwa glavu. Wasichana wangu wana miaka tisa na kumi. Kurusha wanajitahidi, ila kudaka ni mtihani: mpira ukikaribia mtoto anafumba macho, anageuza uso, na glavu anaisukuma mbele kama anayefukuza nyuki. Mmoja alipigwa mdomoni, sasa hataki hata kusogea uwanjani. Kocha mmoja wa mjini kanishauri niwasimamishe ukutani niwarushie mfululizo mpaka uoga uwaishe. Nami kila siku napaza sauti “macho kwenye mpira!” lakini wapi. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, kabla ya yote: usimsimamishe mtoto yeyote ukutani.

Ushauri huo nimeusikia kwa miaka mingi, na kila mara unaletwa na mtu anayejiita kocha. Wapo wanaowafunga watoto mikono nyuma ili mpira uwagonge “wazoee”. Nimewapokea baadaye watoto waliozoeshwa hivyo. Wamezoea kweli: wamezoea kukaza shingo, kujikunja na kusubiri maumivu. Kudaka bado hawajui, na sasa kuna kazi mbili, ya kuwafundisha na ya kuwasahaulisha.

Kope hufunga zenyewe kitu kinapoujia uso. Mtoto hakuamua. Ukipaza sauti “macho kwenye mpira” unaiamuru kope, na kope haina masikio. Afadhali umwambie asipige chafya. Mwili wake umeona kitu kigumu kinakuja, umepiga hesabu kwamba mikono hii haina uhakika wa kukizuia, ukachagua kulinda macho. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Kazi yako ni kubadilisha kinachohesabiwa, yaani ugumu wa mpira, mwendo wake, na mahali unapoelekea.

Halafu fikiria wasichana hao wamekulia mchezo gani. Rede! Tangu wakiwa wadogo, mpira ukitupwa kwao sifa ni kuukwepa. Aliye katikati anajipinda, anaruka, anapisha, na wenzake wanamshangilia. Leo unampa glavu na kumtaka afanye kinyume cha alichosifiwa miaka minne, kisha unasema ni mwoga. Huyo ni fundi wa kukwepa, tena fundi hodari.

Bahati nzuri wanajua pia mdako, na jina lenyewe limetoka kwenye kudaka. Msichana anarusha kete juu, anazoa nyingine chini, anainua macho na kuidaka ile ya kwanza kabla haijagusa ardhi. Hafumbi macho. Kwa nini? Kete ni ndogo, ameirusha mwenyewe, anajua itaanguka wapi, na haimjii usoni. Hapo ndipo somo lako linapoanzia, Mwalimu.

Kwa hiyo mipira ya msaada irudishe kabatini kwa wiki kadhaa. Hilo jina la softiboli linawadanganya wengi, kwani maana yake ni mpira laini. Mchezo ulipozaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi, walichorusha ilikuwa glavu ya ndondi iliyofungwa kamba ikawa duara. Huo ulikuwa laini. Wa leo umebakia na jina tu. Ule wa wakubwa una mzingo wa sentimita 30 hivi na uzito wa kati ya gramu 180 na 200, na ukiugonga kwenye meza utasikia mwenyewe. Wa watoto una mzingo wa sentimita 28, uzito kama gramu 170, na ugumu wake si haba. Nina hakika katika mzigo wenu mna ya wakubwa. Pima kwa kamba.

Tumia mpira wa soksi. Jaza vitambaa, shona, basi. Mikono mitupu, bila glavu. Chicago hiyohiyo mpaka leo wanacheza softiboli ya mpira mkubwa wenye mzingo wa sentimita 40 bila glavu kabisa, maana kinachodaka ni macho na mkono. Glavu ni kiatu cha mkono tu.

Kwanza kila mtoto ajirushie mwenyewe, kama kwenye mdako. Kisha wewe upige goti hatua tatu mbele yake, urushe mkono ukitokea chini kwenda juu, polepole, na kamwe usielekeze usoni wala katikati ya kifua. Elekeza pembeni kidogo, kwenye bega la upande atakaovaa glavu. Akikosa, mpira upite zake nyuma. Mpira unaopita pembeni haumfundishi kope kufunga. Hapa wakufunzi wengi wanaharibu: wanamlenga mtoto mwenyewe, kisha wanashangaa anavyojitetea.

Badala ya kupiga kelele za macho, chora kwa kalamu ya wino namba kubwa kwenye mpira, au funga vitambaa vya rangi tofauti, umuulize: namba gani hiyo? Rangi gani? Anayesoma hakumbuki kuogopa. Akijibu vibaya, usimkosoe, rusha mwingine.

Sasa glavu. Anayerusha kwa mkono wa kulia anavaa kushoto. Watoto watakubishia kwa sababu wanataka kudakia mkono wenye nguvu. Wenye mashoto wanahitaji glavu yao ya kulia, na kama hamna, waache na mikono mitupu kuliko kuwavalisha kinyume. Jaribio la glavu ni moja: mtoto aivae, aifunge kwa mkono huohuo mmoja. Akishindwa, hiyo ni ubao, si glavu. Glavu nyingi za msaada ni za watu wazima, ngozi kavu, na mtoto haziwezi. Zikande kwa mikono, weka mpira ndani, funga kwa kamba zilale hivyo siku kadhaa. Usiziloweke maji, usizipake mafuta ya kupikia, na tafadhali usizianike juani siku nzima.

Mpira ulio juu ya kiuno, vidole vitazame juu. Ulio chini ya kiuno, vidole vitazame chini. Kiganja kila mara kiutazame mpira. Nadhani yule wa mdomoni aliweka glavu kama sinia, kiganja juu, kama anayepokea ubwabwa. Mpira wa usawa wa kifua ukigonga sinia hiyo unateleza kwenye mkono na kupanda moja kwa moja mdomoni. Nimeliona hilo mara nyingi mno. Mkono usio na glavu ukae pembeni, nyuma ya kidole gumba cha glavu, tayari kufunika. Usikae mbele, utavunjika vidole.

Jambo jingine utazame kabla hujamlaumu mtu: jua liko wapi, na nyuma yako kuna nini. Mpira mweupe mbele ya ukuta mweupe hata mimi siuoni. Na kama yupo mtoto ambaye baada ya majuma mawili ya mpira wa soksi bado mkono wake unafika umechelewa, au anainamisha kichwa upande mmoja kila mara, mpeleke akapimwe macho. Nimewahi kuwa na msichana tuliyemwita mzembe msimu mzima, kumbe jicho moja halioni vizuri. Aibu ile bado ninayo.

Nirudi kwa wale makocha wa ukutani, maana hawaishii kwenye ukuta. Utawasikia wakisema “weka kifua nyuma ya mpira, ukikosa mkono kifua kitazuia”. Kwa mpira wa soksi, sawa. Kwa mpira mgumu, hapana, tena hapana. Pigo la mpira kifuani, hata lisilo kali sana, likiangukia nukta mbaya kati ya pigo moja la moyo na jingine, linaweza kuusimamisha moyo wa mtoto mwenye afya njema. Ni nadra, lakini hutokea, na huwapata zaidi watoto kwa sababu mbavu zao bado ni nyororo. Vikinga kifua vingi haviaminiki kulizuia. Mtoto akipigwa kifuani, akaanguka na hapumui, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, papo hapo, huku mwingine akiita msaada. Usimmwagie maji, usimkalishe, usisubiri “azinduke”.

Kuna na wauza njia za mkato: miwani yenye taa, mazoezi ya siku saba ya “kuondoa woga”, video za mtoto mmoja aliyedaka mara ishirini mfululizo. Hawaonyeshi miezi iliyotangulia. Pesa hiyo nunua soksi na uzi.

Yule binti wa mdomoni usimlazimishe. Mpe kazi ya kushona mipira na kuandika namba, akae na wenzake wakicheza mdako wakati wa mapumziko, na mpira wa soksi uwe karibu naye. Na huyo kocha wa mjini akipita tena shuleni, mkaribishe, msimamishe yeye ukutani, mrushie ile migumu kumi mfululizo, na wasichana wako wahesabu kope zake zimefunga mara ngapi.