Je, mama anaweza kuongoza ibada ya nyumbani?

SWALI: Mchungaji, mume wangu ameacha kwenda kanisani na hurudi nyumbani watoto wakiwa wamelala. Je, ninaruhusiwa kuongoza ibada ya jioni, au nimsubiri yeye aliye kichwa cha nyumba? Tena, ibada hiyo ina faida gani ikiwa watoto wanahudhuria Shule ya Jumapili na mafundisho ya kipaimara?

JIBU: Dada yangu mpendwa, usisubiri. Timotheo, mwanafunzi wa mtume Paulo, alilelewa katika nyumba inayofanana na yako, kwa maana Matendo 16:1 yasema mama yake alikuwa Myahudi aliyeamini, lakini baba yake alikuwa Myunani. Hata hivyo Paulo anamkumbusha kwamba imani aliyo nayo ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5), na kwamba tangu utoto ameyajua Maandiko matakatifu. Mtume haoni haya kuwataja wanawake hao wawili kwa majina, wala halaumu kwamba walishika kazi ambayo baba hakuifanya.

Kuhusu Shule ya Jumapili na kipaimara, hayo ni mema, lakini hayakuwekwa yachukue nafasi ya nyumba. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa, alipotoa Katekisimo Ndogo, yaani kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, mwaka 1529, aliiandika ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake, akaweka humo sala za asubuhi na za jioni. Mwalimu wa kipaimara humwona mtoto wako saa chache kwa juma, naye hajui kwamba jana mtoto huyo aliogopa giza au aligombana na rafiki yake. Wewe unajua. Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati 6:7 linaagiza maneno ya Mungu yanenwe uketipo katika nyumba yako, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo, yaani mahali ambapo maisha yenyewe yanaendelea. Katika Kutoka 12:26 mtoto ndiye anayeuliza maana ya Pasaka, na mzazi ndiye anayejibu. Basi waache wako waulize, na usilolijua ukiri kwamba utalitafuta.

Dakika kumi na tano zatosha. Fanyeni kabla ya chakula, kwa sababu baada ya kushiba wadogo husinzia, nanyi msome fungu fupi, tuseme kutoka Injili ya Marko, mwimbe wimbo mmoja, na kila mtoto aombe kwa maneno yake mwenyewe.

Jambo moja nakusihi sana, kwa kuwa nimeliona likiharibu nyumba nyingi za waumini: usiifanye ibada kuwa baraza la kesi. Mzazi anapofumba macho na kumweleza Mungu makosa ya mtoto aliyepiga magoti kando yake, mtoto husikia karipio tu, na baadaye huyakimbia maombi kama anavyoikimbia fimbo. Mkosaji mwonye kwa wakati wake, ibada ikiwa haijaanza.

Mumeo pia asitajwe katika sala kwa namna ya kumshitaki mbele ya wanawe. Petro anasema waume wasioliamini Neno waweza kuvutwa kwa mwenendo wa wake zao, pasipo lile Neno (1 Petro 3:1). Siku atakaporudi mapema na kuwakuta mmeketi, usimwombe aongoze wala usimpe hotuba. Mkaribishe kiti, kisha mmoja wa watoto ampe Biblia awasomee fungu la jioni hiyo.