Bayleaf bila dohani
Ndugu, umeuliza watu wa Bayleaf, ile nyumba ya kale ya mkulima iliyohamishwa kutoka Kent, Uingereza, hadi kwenye makumbusho, walikokaje moto bila dohani. Moto ulikaa katikati ya ukumbi, sakafuni. Ukumbi hauna dari. Ukiinua macho unaona makombamoyo hadi kileleni, na moshi ulijipenyeza humo humo kwenye paa. Madirisha hayana vioo, ni nondo za mbao na vibao vya kufungia. Katika nyumba za aina hii, masizi ya paani ndiyo huwaonyesha watafiti palipokuwa na moto wazi. Kiunzi cha ukumbi ni cha mwaloni, cha mwanzoni mwa karne ya 15. Kuta ni fito zilizokandikwa udongo, kazi ambayo mafundi wetu wangeitambua mara moja!