Injini ya pikipiki kwa kigari cha porini

Ndugu, umeuliza kama injini ya pikipiki ya cc 125 inafaa kwa kigari cha porini unachotaka kuunda na binti yako wa miaka 12. Inafaa, kwa kuwa klachi na giaboksi vimo ndani yake, hivyo cheni huenda moja kwa moja hadi kwenye ekseli ya nyuma, ambayo haihitaji difu (gia zinazoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti) kwani kwenye mchanga magurudumu huteleza kidogo wakati wa kukata kona. Nakusihi usibane matumizi kwenye fremu: tumia mabomba ya chuma ambayo hayajaliwa na kutu, uweke upinde wa kinga unaopita juu ya kofia ya dereva, mkanda wa kiti, kifuniko cha cheni na swichi ya kuzimia injini. Binti apime, achore na kukaza nati. Kuchomelea mwachie fundi, kwani mwanga wake huumiza macho hata ya mtazamaji aliye kando.