Mwalimu, achana na mahindi kwanza

Mwalimu, weka jembe chini. Unataka kulima mahindi robo eka hapo shuleni Kisumu mwezi wa tatu, Gredi ya 5 wasomee humo Masomo ya Jamii, na umeuliza kuhusu mbolea na ziara. Mahindi yatakuangusha.

Angalia kalenda. Mvua inaanza Machi, shule zinafungwa mapema Aprili. Palizi ya kwanza inafika watoto wakiwa likizoni. Viwavijeshi navyo vinaingia katikati ya majani machanga na hakuna wa kuvikagua. Udongo ukiwa na gugu la kayongo (striga), basi tena: linanyonya mizizi chini kwa chini, na ukija kuona maua yake ya zambarau, mahindi yalishadumaa. Hata mbegu za mapema hutaka miezi mitatu hadi minne kukauka, na kufikia hapo mada ilishapita zamani. Kibaya kuliko vyote, kipindi kimegeuka kibarua cha shamba. Mtoto amejua kuchimba mashimo, lakini hawezi kukueleza unga wa kwao ulitoka wapi.

Wawezeshaji wa warsha wanaokariri "pandeni mahindi, watoto wanayajua" wananiudhi sana. Wanaenda zao, na muhula wa watoto unapotea.

Shika hili moja: usipande kisichoweza kuvunwa kabla shule kufungwa. Panda kunde muhula wa pili unapofunguliwa, mvua ikiwa bado ipo. Tuta liwe na upana wa mita moja, mtoto afikie katikati bila kukanyaga udongo. Changanya nusu ndoo ya lita 20 ya samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba. Samadi mbichi huunguza miche. Mistari iachane sentimita 30, mbegu ziingie kama sentimita 3. Wiki ya nne hivi wanaanza kuchuma. Wavunje ncha changa kwa kucha bila kung'oa shina, litachipua tena ubavuni.

Siku ya kuchuma ndiyo siku ya somo lenyewe. Chora sahani ubaoni: ugali, kunde, omena (dagaa wa ziwani), chumvi. Kila kikundi kichukue kimoja na kukifuata kinyumenyume kwenye ramani ya Kenya. Omena waitoe soko la Kibuye, wapitie kwa mama anayeianika, hadi kwa mvuvi anayevua kwa taa usiku ziwani. Unga uwapeleke Trans Nzoia, chumvi iwafikishe pwani kaskazini ya Malindi. Waandike nani analipwa kila kituo, na gorogoro (kopo la kupimia nafaka) inauzwa bei gani shambani na bei gani sokoni. Kikundi cha unga kiongezewe historia: mahindi asili yake ni bara la Amerika, ilhali mtama na wimbi ni vya Afrika hii hii. Hapo maswali hayaishi, na hapo ndipo Masomo ya Jamii yalipo.

Ziara ya mashamba ya mpunga Ahero ije baada ya ramani, wakishajua cha kuuliza. Muhula wa tatu ni mfupi, kwa hiyo weka mchicha badala ya kunde. Wiki tatu hadi nne uko tayari kuchumwa.